Njia Mbili za Umeme

Kila jioni, baada ya kumsaidia mamake kukamua ng'ombe, Watiri aliketi mezani kwao Gatitu na kufungua kitabu cha Sayansi. Hesabu za umeme zilimtoa jasho. Kanuni zote alizijua kwa moyo, lakini akionyeshwa mchoro wa saketi, alibahatisha tu.

Siku moja alimwendea rafiki yake wa Gredi ya Tisa, Roshni.

"Roshni, mimi sielewi kitu hapa. Nifunze."

"Nani, mimi? Hata mimi nakariri tu!" Roshni akacheka. "Twende kwa Baba."

Babake, Bwana Kishor, aliuza vifaa vya umeme mjini Nyeri. Aliwapa betri, nyaya na balbu mbili ndogo.

"Msiniulize mimi, ziulizeni balbu," alisema. "Fungeni, fungueni, mtazame."

Jumamosi hiyo hawakucheza. Walipozifunga balbu zifuatane kwenye waya mmoja, mwanga ulififia, na moja ikitolewa, ya pili ilizimika. Walipogawanya waya, kila balbu ikapata njia yake, zote ziliwaka vizuri. Watiri akaitoa moja. Nyingine ikaendelea kuwaka!

"Kumbe!" akapiga kelele. "Kila njia inapitisha umeme wake!"

Tangu hapo hawakuandika nambari yoyote kabla ya kuifuata njia ya umeme kwa kidole. Alama zao zilipanda, hata Mwalimu Mutahi, aliyewafunza Sayansi, akawachagua kwenda kwenye mashindano ya Sayansi mjini Kerugoya. Shule yao haikuwa imewahi kuleta kombe nyumbani.

Kufikia swali la mwisho, walikuwa sare na mabingwa wa mwaka uliopita. Betri ya volti 12 iliwasha balbu mbili, moja yenye ukinzani wa omu 6, nyingine wa omu 3, kila moja kwenye njia yake. Mkondo wote ni ampea ngapi?

Mabingwa waliwahi kuinua mkono. Walijumlisha omu, wakagawanya. "Ampea moja na theluthi!"

"Sivyo," alisema mwamuzi.

Kidole cha Watiri kilifuata njia kwenye mchoro. "Njia ya kwanza, kumi na mbili gawanya kwa sita, ampea mbili."

"Ya pili, kumi na mbili gawanya kwa tatu, ampea nne," Roshni akadakia.

"Jumla ampea sita!" wakasema pamoja.

"Sawa kabisa!"

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Walipokabidhiwa kombe, Roshni alimkumbatia Watiri, likiwa katikati yao.

"Wanangu," Mwalimu Mutahi aliwaambia, machozi yakimlengalenga, "wenzenu pia wanazijua kanuni. Ninyi mlikubali kwamba hamkuelewa, mkauliza, kisha mkajaribu kwa mikono yenu. Endeleeni hivyo, na hakuna somo litakalowashinda."