Kigongo cha Upande wa Kulia

Kila alasiri, mwoka mikate aliporudi kutoka kazini, nyumba yake ilinyamaza. Kwa kuwa kazi yake ilianza alfajiri, alihitaji kulala kidogo mchana. Mkewe, mshonaji, aliendesha cherehani polepole, na binti yao aliosha vyombo bila kugonganisha sufuria. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa wembamba wake mtaa mzima ulimwita Kijiti.

Kila Jumamosi, Baba akiamka, alipanda kiti na kuteremsha mashine ya gemu iliyowekwa juu ya kabati. Ilikuwa yake na ya mdogo wake tangu utoto: boksi la plastiki lenye rangi ya mbao, vitufe viwili vya kuzungusha, na jina la kampuni juu ya kifuniko. Ukiiunganisha na runinga huoni magari wala wanajeshi. Unaona vigongo viwili vyeupe, kimoja kushoto, kingine kulia, na mpira mdogo ukipigwa huku na huku: tok, tok, tok. Baba alikuwa akicheza kushoto na mdogo wake kulia. Mdogo wake huyo, baba mdogo wa Kijiti, alikuwa amefariki mwaka uliopita kwa homa ya ghafla. Tangu hapo Baba alicheza peke yake, kitufe kimoja kila mkono.

"Hii asiiguse mtu nisipokuwapo," alisema.

Kijiti aliigusa. Mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Domo alibisha kwamba hakuna gemu duniani iliyomzidi mwalimu mkuu umri. Siku moja wazazi walipokuwa wametoka, Kijiti alimleta nyumbani, akapanda kiti ili amkate ngebe. Mashine ikamponyoka, ikaanguka sakafuni puu! Haikupasuka, lakini walipoiwasha, runinga ilionyesha chenga tupu.

"Mimi sijaona kitu," alisema Domo, akabeba mkoba wake na kutokomea.

Kijiti aliifunga mashine kwenye kanga, akakimbia nayo hadi kwa mama mmoja aliyeuza vifaa vikuukuu. Duka lake lilijaa redio, pasi na feni zilizokatika mapanga. Mama huyo aliitazama mashine, akacheka.

"Una bahati ya mtende, mwanangu. Ninayo nduguye."

Alitoa mashine ya rangi ya chungwa yenye jina jingine kabisa. "Usishangae. Kampuni iliyoibuni iliwapa wengine leseni, nao wakaitengeneza na kuiuza kwa majina yao. Nje kila moja ina nguo zake, ndani tumbo moja."

"Basi unaweza kutia ya ndani kwenye gamba letu?" Kijiti aliuliza. "Baba analipenda hili."

"Ndiye aliyekutuma?"

"Ndiyo," akajibu, bila kumtazama usoni.

Mama muuzaji alihamisha ya ndani, akabaki na ile mbovu kwa ajili ya vipuri, na saa ya mkononi ya Kijiti kama malipo. Jioni mashine ilikuwa juu ya kabati, kana kwamba haijawahi kushuka.

Jumamosi Baba aliiwasha. Alipokuwa bado anavuta kiti, kigongo cha kulia kilitetemeka. Kikapanda taratibu, kikasimama, kikashuka. Hakuna mkono uliokuwa kwenye kitufe chake.

Baba alikiachia kiti. "Mdogo wangu alikuwa hivi hivi," alinong'ona. "Hakuweza kutulia. Kigongo chake kilicheza kabla mpira haujafika."

Siku hiyo hakugusa kabisa kitufe cha kulia. Kesho yake, ingawa haikuwa Jumamosi, aliiteremsha tena, na keshokutwa vilevile. Aliacha kulala mchana. Alifunga mapazia ili kioo kionekane vizuri, akakaa kushoto na kuacha kiti kitupu kulia kwake.

"Hapo umenipata, mdogo wangu," Kijiti alimsikia akisema. "Haya, tena."

"Mume wangu, si ulale kidogo?" mkewe alimwomba.

"Nitalalaje? Yupo."

Mama aliacha kushona, akamtazama Kijiti. Kijiti alitazama sakafu. Alijua kwamba mashine ile haikuwa ya baba mdogo. Basi ni nani aliyekuwa akisogeza kigongo? Labda marehemu alikuwa amekuja kutafuta mashine yake, akakuta ya mgeni, akakasirika. Kila aliposikia tok, tok nyuma ya mlango, aliziba masikio. Akawa anazunguka kupitia uani asipite chumba kile.

Kisha siku moja Baba alirudi na mkono umefungwa bendeji. Alikuwa amesinzia mbele ya tanuri, akaungua. Hata kabla ya kuvua viatu, alifunga mapazia.

Kijiti alikimbia hadi dukani. "Mashine uliyonipa ina mtu ndani," alisema akihema.

"Ina vumbi ndani," alijibu mama muuzaji. "Kitufe cha kulia kimelika, kwa hiyo kigongo kinajiendea ovyo. Nilidhani baba yako angenirudishia nikisafishe. Hakukwambia?" Alimtazama vizuri. "Au hakukutuma?"

Kijiti alirudi nyumbani. Alisukuma mlango, akasimama katika lile giza la mchana.

"Baba, hiyo si mashine ya baba mdogo."

Baba alitabasamu, akaonyesha jina kwenye kifuniko.

"Gamba ni lake. Ndani ni ya watu wengine. Yake niliiangusha, nikaibadilisha. Kigongo kinasogea kwa sababu ya vumbi."

Kwenye kioo, kigongo cha kulia kiliendelea kupanda na kushuka. Baba alikitazama kwa muda mrefu. Kisha alinyoosha mkono, akazima. Hakupiga kelele. Alifunika uso kwa mkono wenye bendeji, akalia. Kijiti hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia, hata msibani.

Kesho yake walikwenda dukani pamoja. Mama muuzaji aliomba radhi kwamba hakumuuliza mzazi kwanza, akaifungua ile mbovu. Waya mmoja tu ulikuwa umechomoka. Aliuchomea kwa risasi iliyoyeyushwa, akairudisha kwenye gamba lake, na Kijiti akarudishiwa saa yake.

Nyumbani, Baba aliiwasha. Kigongo cha kulia kilisimama tuli. Walikitazama wote wawili, na kutulia kwake kuliuma.

"Keti hapo," Baba alisema, akionyesha kiti cha kulia.

"Hapo ni pa baba mdogo."

"Palikuwa pake. Keti, unisikilize." Sauti yake haikuwa ya ukali. "Ungeniambia siku ile, ningekugombeza, ningenuna, yangekwisha. Waya mmoja tu, mwanangu! Lakini ulinificha, nami nikaukaribisha uongo wako humu ndani nikiuita ndugu yangu. Nimemzika mara ya pili. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Hujui mwenzako atauamini uongo wako kwa moyo wa namna gani."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Sasa shika kitufe."

Mpira ulitoka, ukavuka kioo polepole. Kijiti alifuta machozi kwa kiganja, akazungusha kitufe.