Kona ya Kushoto, Chini

Watu wa Zaria hawapendi jambo hili lisemwe kwa sauti, basi sogea. Mashine ya Malama Furera, mwalimu wa hesabu, ilianza ukorofi wake msimu wa vumbi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mwanafunzi anakaa, hesabu inatokea kwenye skrini, mashine inafuata mboni zake na kuacha nukta nyekundu kila zinapotua. Hivyo Furera aliona akili inakwamia wapi. Lakini sasa nukta za kila mwanafunzi zilikimbilia kona ya kushoto, chini, pasipoandikwa kitu.

"Tanimu, unatazama nini pale?"

"Natazama hesabu, Malama. Ikinishinda, natazama saa ya kula."

Jicho lake la kushoto lilikuwa limewiva kwa wekundu. Kufikia Alhamisi wanafunzi tisa walikuwa hivyo, na chumba kilinuka maziwa.

Furera akakaa kitini mwenyewe. Nukta zake zilizunguka skrini yote, zikairuka kona ile kama mtu anavyokwepa kaburi.

Akamwita Malam Gambo, mwenye dawa za majini. Mzee akanusa. "Kifungua mimba wako yuko wapi?"

"Alifia kwa bibi yake. Alikuwa na miaka saba."

"Akiitwa nani?"

Furera akainama. Kwa mila ya kwao, mama mwenye haya hamtaji mtoto wake wa kwanza; yeye alisifiwa mji mzima kwa kumnyonyesha akitazama ukuta, na siku ya maziko hakulia mbele za watu, na tangu hapo, katika chumba chake kimoja, hakuna aliyemwita mama, wala yeye hakuwa na wa kumwita.

"Huyu wa konani si mwanao," Gambo akanong'ona. "Ni jini, ameokota upweke wa mwanao akauvaa. Nikimfukuza, hutamhisi tena. Nikimwacha, atamaliza macho ya watoto wa watu."

"Na nikimtazama mimi?"

"Atawaacha wao. Wewe hatakuacha."

"Basi nenda nyumbani, Malam."

Akafunga mlango, akakaa, akayashusha macho yake polepole, yakagoma, akayashusha tena, harufu ya maziwa ikimpanda kooni, mpaka yakatua konani.

"Lawwali," akasema. "Lawwali, mwanangu."

Wanafunzi walipona. Furera jicho moja limezima, na hapokei wageni. Ila mfagiaji aliiona rekodi ya mashine ya mchana ule: kitini mtu mmoja, macho manne, mawili yakiwa chini kidogo, usawa wa mtoto aliyepakatwa.