Poda ya Dada

Jua lilikuwa linaaga pale Kidogo Tu alipogundua kwamba poda imemwishia.

Alikuwa anafunga mkoba wa safari. Kesho yake alikuwa na bibi harusi wa kupamba katika mji mwingine, na basi lilikuwa la jioni hiyohiyo. Mkoba wenyewe ulikuwa mdogo, wa kupakatwa. Wapambaji wengine husafiri na mizigo utadhani wanahama nyumba, lakini yeye rangi moja ya mdomo ilimtosha midomo na mashavu. Aliigusisha kwa ncha ya kidole, akaisambaza mpaka ionekane kama damu ya mtu mwenyewe imepanda. Penseli ya wanja, mafuta kidogo ya ngozi, sifongo, pamba za kufutia, na poda za bei ya kawaida alizozichanganya mpaka zikubali rangi ya mtu. Basi. Mteja akimwomba aongeze, jibu lilikuwa moja, "Kidogo tu, mpenzi. Tunakupamba, hatukupigi plasta." Ndipo jina lilipomganda.

Akavaa viatu awahi dukani.

"Unakwenda wapi na giza linaingia?"

Ni dada yake, kasimama mlangoni. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Kidogo Tu alikulia mgongoni kwake, akasomeshwa kwa jasho lake, na sasa kila akisafiri, dada ndiye aliyebaki na binti yake mdogo. Baba wa mtoto alishaenda zake, wala hakuna aliyemuulizia. Dada hakujaliwa mtoto. Watu wakimpa pole alicheka, akasema mbona anaye mmoja, yuko ndani anavuruga nyumba.

"Poda imeisha, dada. Narudi sasa hivi."

"Usijisumbue. Nimeshakuwekea."

Akamkabidhi kikopo cha mviringo, kisicho na maandishi wala picha.

Poda haijaribiwi mkononi, hilo kila mpambaji analijua. Mkono una rangi yake na uso una yake. Hujaribiwa kwenye taya, karibu na dirisha. Kidogo Tu akasogea dirishani kuwahi mwanga uliobaki, akajipaka mstari mmoja.

Mstari haukuonekana.

Akapaka mwingine. Nao ukazama, kama maji kwenye mchanga. Tangu aanze kazi hii hajapata kukutana na poda iliyomkubali bila kuchanganywa. Akainusa. Haikunukia maua wala manukato. Ilinukia mto wake wa kulalia.

"Umeitoa wapi, dada?"

"Kuna mama mmoja anasaga mwenyewe. Nilimweleza rangi yako."

"Kwa mdomo tu, na ikapatikana hivi?"

"Nani anaujua uso wako kunishinda mimi?"

Kweli, nani? Kila jioni Kidogo Tu alipojifuta uso, dada alizikusanya zile pamba chafu ndani ya kopo la mfuniko, akasema anakwenda kuzichoma. Uchafu wa uso wa mtu hautupwi ovyo, alisema. Kidogo Tu alimtania, lakini kimoyomoyo alifurahi. Ukiona mtu anakujali mpaka kwenye pamba zako chafu, unataka nini tena duniani?

Kabla ya kutoka aliinama kitandani kwa binti yake. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Kando ya midomo ya Kidogo Tu kulikuwa na doa dogo jeusi la kuzaliwa, na Chiriku hakulala bila kulibonyeza kama kengele ya mlango.

"Ngriii!"

"Nani mwenzangu?" aliitikia mama, kama mtu aliyegongewa mlango.

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Mimi wako!"

Mchezo huo ulikuwa wa wao wawili, chini ya shuka, taa ikiwa imezimwa. Dada hakuwahi kuambiwa. Haukuwa siri, ila vitu vingine mtu hafikirii kuvisimulia.

*

Alfajiri, katika nyumba ya wageni, Kidogo Tu alijipamba kabla ya kwenda kupamba. Uso wake ndio uliokuwa bango lake la biashara. Poda ya dada ilikaa vizuri mno. Ilikaa mpaka akasahau kama ameipaka, akaongeza. Akaongeza tena, yeye mwenye jina la Kidogo Tu.

Shangazi wa bibi harusi alimfungulia mlango, akabaki kumkodolea macho.

"Karibu. Wewe ni wa upande wa bwana harusi?"

"Shangazi, ni mimi! Mpambaji."

"Mpambaji namjua. Alinipikia chai kwake." Shangazi akamwangalia juu mpaka chini. "Au amekutuma wewe?"

Kidogo Tu akacheka. Shangazi hakucheka. Alichoamini hatimaye ni ule mkoba na zile mbinu, si yeye. Na bibi harusi alipopendeza, akashukuru hivi, "Mwambie bosi wako amekufundisha vizuri."

Wakapiga picha ya pamoja. Kidogo Tu akaiomba aione.

Kila mtu alitoka vizuri. Yeye alitoka kama mtu aliyetikisika wakati wa kupigwa picha. Wakarudia, naye akajikaza asitikisike.

Akatoka vilevile.

Mchana ule, aliporudi nyumba ya wageni, mapokezi walimwomba kitambulisho upya. Msichana wa mapokezi aliangalia picha, akamwangalia yeye, akaangalia picha tena. Mwishowe akamrudishia bila neno, kwa ncha za vidole, akafuta mkono kwenye sketi.

Kidogo Tu akajifungia chumbani. Akachukua pamba, akaitia mafuta, akajifuta shavu, kisha pembeni mwa midomo. Akaiangalia ile pamba.

Juu yake kulikuwa na doa.

Dogo. Jeusi. La kuzaliwa.

Akakimbilia kioo. Pale lilipokuwa palikuwa laini, kama hapajawahi kuwa na kitu. Nyusi zilikuwapo, lakini zingeweza kuwa za mtu yeyote. Pua ilikuwapo. Macho yalikuwapo. Ulikuwa uso wa mtu unayepishana naye njiani, na ukifika kona umeshamsahau.

Akageuka kuichukua tena ile pamba. Ilikuwa kavu na nyeupe. Doa halikuwapo.

Akapiga simu nyumbani. Ikapokewa na pumzi ndogo anayoijua.

"Chiriku! Ni mama. Mpe Mama Mkubwa simu, haraka."

Kisha akamsikia mtoto akimwita mtu aliyekuwa chumba kilekile.

"Mama! Mama, njoo! Simu inaongea kama wewe..."

Ikakatwa.

*

Aliyegonga mlango alikuwa mfagiaji wa nyumba ile, ndoo mkononi, kitambaa kimefungwa kichwani. Kidogo Tu alikuwa amepishana naye ukumbini mara kadhaa, lakini hakuwahi kumtazama. Sasa alimtazama. Akaelewa kwa nini.

Hakukuwa na cha kutazama.

"Nimeona ulivyoangaliwa pale mapokezi," mfagiaji alinong'ona. Sauti yake ilikuwa hafifu, kama inatoka chumba cha pili. "Poda umepewa na nani?"

"Dada yangu."

"Mimi nilipewa na mdogo wangu." Akaweka ndoo chini. "Uso ukipakwa unga wake wenyewe, uliosagwa kutoka pamba zilizoufuta, unahama. Unamfuata aliyezitunza pamba. Wewe umebakiwa na sauti. Shika sana hilo. Ukifika pale uso wako ulipo, usifungue mdomo. Sauti ikiuona uso wake itaurudia."

"Nifanye nini?"

"Zitafute pamba, uzichome. Zikiisha kuungua, kila kitu kinarudi. Zikiwa zimesagwa zote..." Akaokota ndoo yake.

"Na wewe, je? Uliongea?"

Mfagiaji aligeukia mlangoni.

"Mwanangu aliniuliza mimi ni nani," alisema. "Nilijibu nusu neno, nikakimbia; sauti iliyobaki ndiyo hii."

*

Njia nzima ndani ya basi Kidogo Tu alimtafutia dada sababu. Labda amedanganywa. Labda naye hajui. Mtu aliyekupigia nywele kitana, aliyelala chini ili wewe ulale kitandani ukiwa na homa, humtupi kwa maneno ya mfagiaji usiyemjua. Alijiambia hivyo, na huku machozi yalimtoka tu. Maana kopo lile la mfuniko hakulinunua yule mama wa kusaga. Lilikaa chini ya kitanda cha dada miaka yote.

Alifika magharibi, taa za mtaani zikianza kuwaka. Jirani alimpita, akamsalimia kwa heshima ya kumsalimia mgeni. Akazunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa jikoni. Palinuka mafuta yake ya ngozi. Kutoka sebuleni alisikia Chiriku akipayuka na mtu mzima akicheka taratibu.

Akanyata mpaka chumbani kwa dada. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda. Kopo likagusa vidole. Lilikuwa jepesi.

Tupu. Ndani mlibaki vumbi pembezoni, na harufu ya mto wake.

Basi kilichobaki ni mtoto. Amchukue kimyakimya, wakimbie, mengine yatajulikana mbele. Akapiga moyo konde, akasogea mpaka pazia la sebule, akachungulia.

Mwanamke kwenye kochi alikuwa yeye.

Nyusi zake. Mashavu yake. Doa lake. Mikono tu ndiyo iliyokuwa ya dada, yenye makovu ya jiko, na ilikuwa imemkumbatia Chiriku mapajani. Macho yakainuka, yakakutana na yake juu ya kichwa cha mtoto. Hayakushtuka.

"Nilijua utawahi," alisema dada. Sauti ilikuwa yake bado, nzito. "Usinitazame hivyo. Wewe na mkoba wako, leo mji huu, kesho ule. Nani alikesha naye akiumwa? Kilichokosekana ni sura tu."

Kidogo Tu akauma midomo. Alikuwa na maneno ya kujaza nyumba. Ungeniambia, dada. Ungesema unaumia, ningeacha safari, tungelea wote, wewe ungeitwa mama na mimi ningeitwa mama na dunia isingeanguka. Nilikuamini na uso wangu. Yote akayameza.

Akanyoosha mikono kwa mtoto.

Chiriku alimtazama. Akarudi nyuma, akajificha kifuani kwa yule mwingine.

"Mama, namwogopa huyu mtu."

"Usiogope. Anaondoka."

Chiriku aliduwaa. Akainua uso, akamchunguza yule aliyempakata, kama mtu aliyesikia wimbo anaoujua ukiimbwa kombo. Kisha, taratibu, akanyoosha kidole. Akabonyeza doa.

"Ngriii."

Dada akatabasamu. Hakujua kinachotakiwa.

"Ngriii," mtoto akarudia. Kidevu kilianza kutetemeka. "Mama... ngriii."

"Nini, mwanangu?"

Hapo Chiriku akaanza kulia. Hakulia kile kilio cha kudeka. Alilia kile cha mtoto aliyepotea sokoni, aliyeshika sketi na kuinua macho akakuta si yenyewe. Aliliminya lile doa, akaliminya tena, na hakuna aliyemfungulia.

Kidogo Tu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akakumbuka ndoo. Akakumbuka mlango wa nyumba ya wageni. Alijua. Nataka ieleweke kwamba alijua.

"Ngriii..."

"Nani mwenzangu?" akasema mama yake.

Mtoto akageuka kama umeme. "Mimi!" alipiga kelele, kamasi na machozi, akicheka. Alikuwa ameshateremsha mguu mmoja kutoka kwenye kochi.

Kidogo Tu akafungua mdomo kuuliza lile la pili.

Hakikutoka kitu. Wala mkwaruzo.

"Mimi nani?" aliuliza dada kutoka kwenye kochi, kwa sauti nyororo, yenye kicheko ndani yake, ambayo mabibi harusi wengi waliijua.

Mguu wa mtoto ukasita hewani. Akatazama huku. Akatazama kule. Kisha ukarudi juu.

*

Siku hizi nyumba ile ina amani, majirani wanasema. Yule mpambaji ameacha safari kabisa, anashinda na mwanawe. Dada yake ndiye aliyesafiri, haijulikani wapi. Hakuaga, na wengine wanamlaumu kwa hilo.

Mtaa wa pili pana mwanamke anayefua nguo za watu. Haongei, na hakuna anayeweza kukueleza anafananaje. Jioni, kabla taa hazijawashwa, hutoa mfukoni kipande cha penseli ya wanja, akajipapasa kando ya midomo, na kujichora doa. Kidogo tu. Kisha huenda kusimama nje ya dirisha la nyumba ile.

Jana Chiriku alimwona. Hakukimbia. Alisogea mpaka dirishani, akamtazama kwa muda, akainua kidole, akakibandika kwenye kioo, palepale doa lilipokuwa.

"Ngriii."

Nje, midomo ilitikisika bila sauti.

"Nani mwenzangu?" ikajibu sauti ya mama, nyuma ya mtoto, karibu kabisa na sikio lake.

Chiriku hakugeuka. Hakujibu. Kidole chake kilibaki palepale kwenye kioo, mpaka mkono wenye makovu ya jiko ulipovuta pazia.