Sijambo ya Bibi Andongwisye

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tulinagwe alianika kakao kwenye mkeka nyuma ya nyumba yao kijijini Njisi, kisha akampelekea bibi yake uji. Zamani bibi aliupokea kwa maneno mengi. Alitaka kujua ni kuku gani ametaga, na kwa nini mjukuu wake hajachana nywele. Siku hizi alikunywa funda moja tu, akarudisha kikombe.

Bibi Andongwisye alikuwa na saratani ya titi iliyoenea mpaka kwenye mifupa. Madaktari walikuwa wameiambia familia wazi kwamba haitapona. Ndiyo maana Sista Beatrice, muuguzi wa tiba shufaa, alikuwa akija nyumbani. Hakuja kuuondoa ugonjwa, bali kupunguza mateso yake, ili mgonjwa aishi vizuri siku alizonazo.

Lakini ziara hizo zilimuudhi Tulinagwe. Bibi akigeuzwa kitandani aliuma kanga yake ili asilie. Ila mlio wa pikipiki ya Sista ukisikika tu, alifunga kitambaa kichwani, akaketi wima na kutabasamu.

"Maumivu yakoje, Bibi?" Sista aliuliza.

"Sijambo, mwanangu. Ndaga, asante. Yanakuja na kupita."

Sista akaacha vidonge vilevile, akaondoka. Kabla Sista hajatoka, Tulinagwe alikuwa amefungua mdomo aseme, mama yake akamkata jicho.

"Mama, bibi hasemi kweli," alilalamika baadaye.

"Mtoto hamsemei mkubwa mbele ya mgeni."

"Sasa nani atamsemea?"

Mama alichukua jembe akaenda kwenye mpunga.

Mvua kubwa zikaanza. Barabara ikajaa maji, Sista akashindwa kufika siku aliyoahidi. Bibi aliacha kula kabisa. Shuleni, Tulinagwe alitazama ubao bila kuona kilichoandikwa. Aliukasirikia ugonjwa, akaikasirikia mvua, na zaidi aliwakasirikia watu wazima waliojua kila kitu na hawakusema lolote.

Hatimaye Sista alifika kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi magotini.

"Bibi, pole kwa kunisubiri. Maumivu yakoje?"

"Sijambo, mwanangu."

Tulinagwe aliweka kikombe chini kwa nguvu, uji ukamwagika.

"Sista, bibi hajambo ukiwepo wewe tu. Ukiondoka, hata kugeuka hawezi. Halali. Anauma kanga mpaka imetoboka."

Mama alisimama amtoe nje. "Mama Tulinagwe, mwache," alisema Sista kwa upole.

Bibi aligeukia ukuta. "Tuli, umenivua nguo mbele ya watu."

Maneno hayo yalimchoma Tulinagwe, lakini hakuyafuta aliyoyasema. Sista alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, unaogopa nini?"

"Mzee Eliud, jirani yetu," bibi alisema. "Alisema anaumwa sana, mkampa ile dawa ya maji. Hakukaa, akafa. Nikisema naumwa, mtaniaga nami."

"Mzee Eliud aliondolewa na ugonjwa wake, Bibi, si dawa. Alivumilia mno, tukachelewa kumsaidia. Morfini, hiyo dawa ya maji, si ya kumuaga mtu. Ikipimwa vizuri na kunywewa kwa saa zake, inatuliza. Siku za kwanza unaweza kusinzia, na choo kitakuwa kigumu, kwa hiyo nitakupa na dawa ya kukilainisha. Nitapima kidogo kidogo, nawe utaniambia kweli."

Bibi alimtazama mjukuu wake. "Nipeni," alisema.

Saratani haikuondoka. Lakini siku zilipopita, bibi alianza kulala, kisha kula ndizi laini, na hata kutolewa barazani. Alimwona Tulinagwe akitandaza kakao.

"Unairundika hivyo ioze? Tandaza vizuri. Na hizo nywele?"

Tulinagwe alicheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Mama yake akaja kuchuchumaa naye mkekani.

"Nilikunyamazisha nikidhani nakufundisha adabu," alisema. "Adabu ni kusema kwa upole, mwanangu. Kunyamaza mtu akiteseka si adabu. Mgonjwa asiposema anapoumia, hata muuguzi hodari hamsaidii. Mgonjwa akishindwa kusema, tunaomuuguza ndio tuseme."

"Na uji usimwagwe," bibi aliongeza kutoka barazani.