Siwema na Kamera Mbili

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nina hadithi ya mguu mmoja na gauni moja refu. Anayetaka kucheka, acheke sasa, maana mbele hakuchekeshi sana.

Siwema alikuwa na miaka sita. Aliishi Masasi na mama yake. Mguu wake wa kulia ulinyanyuka vizuri. Wa kushoto aliuburuta.

Akitembea, ungesikia hivi: tapu, kwaruu. Tapu, kwaruu.

Shuleni, watoto walijipanga nyuma yake wakamwiga. Tapu, kwaruu. Tapu, kwaruu. Siwema aliwachukia wote, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho.

Alikuwa na kiatu cha kushikilia mguu. Fundi alikitengeneza kwa kukisia tu. Kilimchubua kisigino mpaka damu ikatoka.

Siku moja Mama akasema, "Kesho tunakwenda kliniki. Dokta Nandonde atakupiga picha ukitembea. Fundi ataziangalia, akutengenezee kiatu kisichouma."

Asubuhi yake, kwa ajili ya picha, Mama akatoa gauni la Idi. Gauni la zambarau, refu, mpaka chini kabisa. Akamsuka Siwema nywele, akampaka mafuta, mtoto akang'aa.

"Hapo sawa," alisema Mama. "Mguu hauonekani."

Siwema alisikia. Maneno yale yalimchoma.

Kliniki kulikuwa na chumba kirefu, kitupu.

"Shikamoo, dokta," alisema Siwema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Siwema alitafuta kamera kubwa. Hakuiona. Aliona simu mbili tu, za kawaida, kila moja imesimama juu ya miguu mitatu ya chuma. Moja huku, moja kule.

"Kamera zetu ndizo hizi," alisema Dokta Nandonde. "Zitakutazama ukitembea. Kisha kompyuta itachora mtu wa mistari, atembee kama wewe. Zamani watu walisafiri mbali sana kwa kipimo hiki. Sasa simu mbili zinatosha."

Siwema akatembea. Tapu, kwaruu. Tapu, kwaruu.

Mtu wa mistari akatokea kwenye kompyuta. Kichwa alikuwa nacho. Mikono alikuwa nayo. Lakini magoti yaliruka huku, yakaruka kule, kama panzi.

"Kamera hazioni magoti," alisema Dokta. "Gauni limeyafunika. Tumvalishe kaptura."

Mama akalishika gauni, akalivuta chini. "Hapana, dokta. Mpime hivyo hivyo."

"Kiatu kitakuwa cha kukisia tena, mama."

"Basi kiwe cha kukisia. Dirisha liko wazi, na nje kuna watu. Watauona mguu."

Siwema akamgeukia. "Mama, unauonea haya mguu wangu?"

Mama alitazama sakafu. Siwema akaelewa.

"Kisigino kinachotoka damu ni changu," alisema. "Si chako."

Akalivua gauni mwenyewe, akaliacha pale chini. Dokta akampa kaptura.

Siwema akatembea kwa hasira. Tapu, kwaruu. Tapu, kwaruu. Hakujikaza atembee kama wengine. Alitembea kama anavyotembea yeye.

Safari hii mtu wa mistari alikuwa na magoti. Mguu mmoja ulipanda. Mwingine aliuburuta. Alitembea kama Siwema, lakini hakumcheka.

"Kiatu kipya kitaunyoosha mguu wangu?" aliuliza Siwema.

"Hapana, mwanangu. Lakini hakitakuchubua. Na hutachoka upesi."

Siwema hakulipenda jibu hilo. Alitaka mguu mwingine kabisa.

Mama akasogea mbele ya kompyuta. "Dokta, nionyeshe tena."

Mtu wa mistari akatembea tena. Mama akatazama. Miaka yote hiyo, Siwema akitembea, Mama aliangalia pembeni. Siku hiyo alitazama kila hatua, mpaka ya mwisho.

"Kumbe unafanya kazi kubwa hivi," alisema Mama. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nisamehe, mwanangu."

"Bado nimekasirika," alisema Siwema.

"Kasirika tu. Una haki. Mimi nipo."

Wiki tatu zikapita, kiatu kikaja. Hakikuchubua. Watoto wa shule waliendelea kuiga, maana kiatu hakiwezi kuwatia watu adabu.

Jioni moja Mama alikaa barazani, mbele ya majirani wote. Akauweka mguu wa kushoto wa Siwema mapajani mwake, akaukanda kwa mafuta. Taratibu, taratibu.

"Bado umekasirika?" aliuliza Mama.

"Kidogo," alisema Siwema. Akapiga mwayo, akalala palepale, na Mama akaendelea kukanda.