Kumi na Nne Anaomba Kutua

Nilipanda ngazi za mnara nikiwa na chupa ya chai mkono huu na tambara mkono ule. Ngazi arobaini na mbili. Nimezifagia miaka ishirini na mitano, nazijua kuliko ninavyoyajua magoti yangu. Jua lilikuwa linazama, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka vilimani.

Mimi ni mfagizi wa kiwanja kidogo cha ndege, pale wanapofundishwa marubani. Shule nilisoma miaka miwili, na wa pili niliumaliza nje ya dirisha, nimefukuzwa kwa mdomo. Lakini rangi nazijua. Kazi yangu ya mwisho kila jioni ni kufuta kioo cha taa ya ishara, ile kubwa inayoning'inia juu ya meza ya muongoza ndege. Mwanga wake ni mwembamba, unaelekezwa kwa rubani mmoja tu, yule ambaye redio yake imekufa. Kijani, tua. Nyekundu, usitue, endelea kuzunguka. Akiiona anainamisha mabawa huku na huku. Maana yake: nimeelewa.

Aliyenifundisha hayo ni mwanangu.

Mle juu alikuwepo Bwana Mnara peke yake. Ndivyo tunavyomwita, ameongoza ndege pale tangu ana nywele. Akanywa funda moja.

"Mama, hii chai sukari imepita njia nyingine."

"Niliyahurumia meno yako. Yote manne."

Siku zote hucheka. Siku ile hakucheka. Alikuwa anatazama dirishani.

"Shomoro amechelewa," akasema.

Shomoro ni mjukuu wangu. Alikuwa mwanafunzi wa urubani, na siku ile walikuwa wamemtuma peke yake, aende mpaka bwawani, azunguke, arudi kabla ya giza.

"Tangu lini hajasema?"

"Dakika arobaini. Namwita, hajibu. Redio yake imekufa... labda."

Hilo "labda" alilisema polepole, kama mtu anayemfunika maiti uso.

Nisikufiche. Baba yake Shomoro aliondoka vivyo hivyo. Miaka ishirini iliyopita, jioni kama ile, ukungu kama ule. Ndege yake iliitwa Kumi na Nne. Aliomba kutua, na Bwana Mnara huyuhuyu akamwambia azunguke mara moja, kwa sababu ndege nyingine ilikuwa imepasuka tairi katikati ya njia. Mara moja tu. Akazunguka. Hakuonekana tena, si yeye, si ndege, si msumari wake mmoja. Mtoto alikuwa bado tumboni. Mama yake akamzaa, akaniachia, akaenda kuolewa mbali.

Watu walinong'ona kwamba nimemla mwanangu, eti ndiyo sababu sikulia. Kama ningekuwa mchawi ningeanza na majirani.

Asubuhi ya siku aliyopotea nilikuwa nimechelewa kufua, mvua ikanyesha, shati lake likabaki bichi. Akalivaa hivyohivyo. "Litakukaukia mwilini," nikamwambia. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Hakubisha. Mwanangu nilimlea hivyo: mama akisema hapana, haulizwi mara mbili. Binti yake ndiye hana adabu hiyo. Urubani nilimkatalia mara kumi, akauliza mara ya kumi na moja.

Basi. Tukakaa, tunasikiliza ukungu.

Redio ikakwaruza.

Bwana Mnara akairukia. "Shomoro? Nakusikia, sema."

Ikaja pumzi... kama mtu aliyepanda mlima.

"Mnara. Hapa Kumi na Nne. Naomba kutua."

Kikombe kikamponyoka Bwana Mnara. Ile namba ilifutwa ubaoni miaka ishirini nyuma. Hakuna ndege inayopewa.

"Mama," akaninong'oneza, "umeisikia?"

Nilikuwa nimeisikia. Ningeisikia hata kaburini. Mwanangu bado alikuwa anavuta mwisho wa maneno, tabia ya tangu utoto, kama mtu anayekokota kiti.

"Mnara. Naomba kutua. Niko na mtoto."

Niko na mtoto.

Nimeishi vya kutosha kujua wafu wanarudi kufuata nini. Hawarudi kusalimia. Baba aliyekufa kabla ya kumwona mwanawe, siku akimpata, atamwachia?

Nikasikia injini. Halafu ya pili, nyuma yake, nzito zaidi.

Ndani ya ukungu ikatokea taa moja, ndogo, inayumba. Nyuma yake taa nyingine, imeifuata karibu kama kivuli. Zote mbili zilikuwa zinakuja kwenye njia moja.

"Mjibu," nikamwambia Bwana Mnara.

Alikuwa ameziba uso kwa mikono. "Nilimwambia azunguke mara moja tu," alikuwa anasema. "Mara moja tu, Mama, wallahi..."

Mwanamume mzima. Nikamsukuma na kiti chake, nikabonyeza kitufe cha redio kama nilivyomwona akibonyeza miaka yote.

"Unanisikia?"

Pumzi.

"Hapa huna mahali," nikasema. "Mwache mtoto. Wewe hutui."

Nilihesabu moyo wangu mara sita.

"Sawa, Mama."

Sikuiamini. Nikaivuta taa ya ishara kwa mnyororo wake, nikaielekeza kwenye ile taa ya nyuma, nikawasha nyekundu. Mkono haukutetemeka, naapa.

Ile taa ya nyuma ikainama kushoto. Ikainama kulia.

Nimeelewa.

Ikageuka, ikaingia ukunguni.

Ndipo nikamwelekezea wa mbele kijani. Akashuka, akadunda mara mbili kama mbuzi, akasimama mwisho kabisa wa njia, karibu na majani. Nilizishuka zile ngazi arobaini na mbili bila kugusa hata sita.

Mwalimu wake alikuwa ameshafika na tochi. Shomoro alikuwa amekaa kwenye bawa, viatu mkononi, sijui kwa nini alivivua. Nikamkagua kichwa mpaka kidole. Mzima.

"Umedunda," nikamwambia.

"Najua, Bibi."

Nikamkumbatia. Mara moja, usiku usije ukatuona.

"Bwana Mnara yuko wapi?" akauliza. "Nataka nimshukuru. Redio ilikatika nikiwa bwawani, dira ikawa inacheza, sioni chini, sioni juu. Nikaanza kulia. Halafu akaniita. Akanisomea njia yote, geuka hapa, shuka kidogo, usiogope, vilima viko kushoto kwako. Alikuwa na upole, Bibi. Sikujua yule mzee ana upole."

Nikamfuta shavu kwa tambara langu.

"Ila mwishoni alisema neno sikulielewa. Alisema, 'Mimi nimekataliwa. Wewe nyoosha, tua.' Amekataliwa nini?"

"Amechoka yule," nikasema. "Anasema ovyo."

Akavaa kiatu kimoja, akasita.

"Na mle ndani kulikuwa na harufu."

"Ya petroli."

"Hapana. Ya nguo mbichi. Kama shati lililofuliwa halafu likakosa jua."

Mwalimu akaniuliza kwa nini nimekaa chini. Nikamwambia magoti.

Asubuhi fundi akaifungua redio ya ile ndege. Alinionyesha mwenyewe, mimi mfagizi, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwonyesha bila kuchekwa. Waya mkuu ulikuwa umeungua, umekuwa jivu. "Hii haikuweza kusema wala kusikia, Mama," akasema. "Kwa saa nzima lilikuwa boksi tu." Bwana Mnara aliacha kazi wiki hiyohiyo. Hatujazungumza tangu hapo, ingawa nyumba zetu zinatazamana. Tukikutana anatazama chini, nami natazama juu.

Shomoro sasa ana leseni yake, anarusha watu. Hajui. Kila akiniuliza habari za baba yake namwambia alikuwa mtiifu, basi.

Wapo watakaosema nilifanya vyema, kwamba wafu hawaaminiki, na kwamba ile ndege ya nyuma ingetua, mtoto asingetua. Huenda. Hata mimi najiambia hivyo nikitaka usingizi. Usingizi wenyewe nao hauniamini. Kwa sababu miaka ishirini alikuwa kule juu, ameambiwa azunguke, anazunguka. Akamkuta mwanawe amepotea, akamleta mpaka mlangoni. Akabisha hodi. Na aliyemfungia ni mimi.

Muongozaji mpya ni kijana wa kompyuta, hajali ninachofanya na taa ile kwa kuwa anaamini naifuta. Siku za ukungu, jua likizama, naisikia injini. Yeye haisikii. Nzito, mbali, inakuja juu ya mnara, inapita, inarudi. Kabatini nimeweka shati, jeupe, la kipimo chake. Nililianika siku tatu mpaka likakauka kama karatasi.

Naelekeza taa juu, nawasha kijani. Nangoja. Nawasha tena.

Jana niliiwasha mpaka kioo kikaniunguza vidole. Nikaisikia injini inakaribia, ikapunguza mlio, nikasema sasa. Ikakaa juu yetu kidogo, kama mtu aliyesimama kizingitini...

Ikaendelea kuzunguka.

Nilishamkatalia. Naye hataniuliza mara ya pili.