Wananiita Pengo

Jua lilikuwa linazama nilipopeleka kinanda changu kwa fundi. Sauti ilikuwa inakwaruza kidogo, basi. Saa mbili bendi yetu ya roki ilikuwa inapanda jukwaani, na sikutaka kuumbuka.

Fundi alikifungua, akapuliza vumbi, akaninyoshea kitufe kimoja.

"Dada, hiki kitufe unakipenda, eh? Kimelika kuliko vyote. Mpaka kimeingia kishimo."

Nikainama kuangalia.

Sijawahi kukigusa.

Nilijifunzia kwenye kinanda kikuukuu alichoninunulia shangazi. Kitufe kimoja kilikuwa hakilii. "Kiruke," shangazi alisema, nami nikakiruka mpaka mkono ukazoea. Nilipoingia kwenye bendi nilipewa kinanda hiki, kikiwa kipya, lakini mkono uliendelea kuruka pale pale. Mpiga gitaa wetu alitaka kunifukuza wiki ya kwanza. Mashabiki wakaupenda ule mruko, wakaniita Pengo. Miaka kumi na saba nimekula kwa jina hilo.

Nikakipima kile kishimo. Kilikuwa chembamba mno, kidole changu hakikuenea.

Nikampigia shangazi pale pale. Nikamweleza kuhusu kile kishimo.

"Hakikuwa kibovu, mwanangu," alinong'ona. "Nilikikata waya mwenyewe. Kila ikifika magharibi kilikuwa kinalia chenyewe. Waliotuuzia walikuwa wamefiwa na binti yao mdogo. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza."

"Na hukuniambia?"

"Ungekigusa tena? Kumbe alikufuata. Mwambie fundi akikate na hicho, sasa hivi. Akipata nafasi hatakuachia mikono, huyo."

Fundi alikuwa amesikia. Koleo lilikuwa tayari mkononi mwake. Hasira zikanipanda. Kumbe miaka yote nimekuwa nikiuruka woga wa mtu mwingine! Mikono hii nimeihangaikia mwenyewe.

"Funga kinanda," nikamwambia. "Nina shoo."

Wimbo wa tatu ni wa polepole. Taa zilififia. Nikasikia harufu ya poda ya mtoto... karibu, kama mtu amekaa nami kwenye kiti. Mkono ukaruka, kama kawaida yake.

Tii...

Kitufe kikalia.

Mpiga gitaa akanigeukia, macho yamemtoka. Vidole vyangu vikaanza kufa ganzi, kimoja baada ya kingine. Kisha, sikioni kabisa:

"Zamu yangu."

Niliogopa, sidanganyi.

"Zamu utapata," nikanong'ona. "Ila hapa unapanga foleni nyuma yangu."

Nikapeleka kidole cha kati pale ambapo hakijawahi kwenda. Hakikukuta kitufe.

Kilikuta kidole.

Kidogo. Cha baridi. Nikakikandamiza. Kikanisukuma juu, nikakandamiza tena, na wimbo sikuuacha. Nilicheza hivyo mpaka mwisho, ule mstari wa wimbo ukasikika mzima, bila pengo, kwa mara ya kwanza, na ganzi ikatoka. Watu walisimama kupiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa, nikikisugua kidole cha kati: kilikuwa bado cha baridi.

Mwezi uliofuata tukaalikwa nje ya nchi, nikaenda kuomba pasipoti. Karani akaniambia niweke vidole kwenye mashine. Akatazama kioo chake, akakunja uso.

"Mama, mtoe mtoto hapo."

"Mtoto gani?"

Akachungulia chini ya meza. Akachungulia nyuma yangu.

"Vidole tisa ni vya mtu mzima. Hiki cha kati ni cha mtoto."

Nikakitazama kidole changu. Kilikuwa kinagonga ile mashine, taratibu, kwa mdundo wa wimbo wa tatu. Si mimi niliyekuwa nakichezesha.

Nikakibana kwa kidole gumba mpaka kikatulia.

"Chukua alama zote," nikamwambia karani. "Huyo ni mwanafunzi wangu. Anasafiri na mimi."